Fungua Orodha ya Masomo Kabla ya Kufungua Pochi

Hotuba iliyotolewa Moshi mbele ya walimu, wauguzi, wahasibu na wafanyakazi wengine wanaofikiria kuhamia kwenye uchambuzi wa data

Shikamooni wakubwa zangu wote. Wadogo zangu, habari za mchana. Asanteni kwa kuja. Najua Jumamosi ya Moshi ina mambo yake: kuna soko, kuna vikoba, kuna harusi, na kuna msiba ambao huwezi kuukwepa. Mtu akiyaacha hayo akaja kuketi kwenye benchi kusikiliza habari za shule akiwa na miaka thelathini na minane au arobaini na mitano, basi ana jambo linalomkosesha usingizi. Nitajitahidi nisiwapotezee muda.

Naomba nianzie kwenye mizani.

Kwa miaka tisa nilikuwa karani, baadaye mhasibu, wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huku juu mlimani. Msimu ukifika, mama anashuka na kiroba chake cha kahawa ya maganda, tunakiweka kwenye mizani, naandika namba yake ya uanachama, kilo na tarehe, anapewa stakabadhi, anaondoka. Jioni nafunga leja. Leja ikijaa inafungwa kamba na kuwekwa juu ya kabati, na mkaguzi wa hesabu akishapita hakuna anayeigusa tena.

Mwaka mmoja kilo zilishuka sana. Mwenyekiti akaniagiza niandae maelezo ya mkutano mkuu. Nikakaa na Excel siku tatu. Nikaulinganisha mwaka ule na uliotangulia, nikatazama bei ya malipo ya awali, nikachora grafu ya rangi, nikasimama mbele ya wanachama nikasema bila kusita kwamba kahawa inauzwa pembeni kwa sababu bei yetu imeshuka. Ukumbi ukanyamaza. Nilikuwa nimewaambia watu wazima, wengine rika la baba yangu, kwamba wanakisaliti chama chao. Ndipo mzee mmoja aliyekaa nyuma akanyanyua mkono. "Mwanangu, mwaka jana mibuni ilibeba mpaka matawi yakainama. Mwaka huu imepumzika. Kwenye kitabu chako hilo halimo?"

Nikarudi ofisini nikashusha leja za miaka sita. Lilikuwemo. Mwaka wa neema, mwaka wa haba, mwaka wa neema, mwaka wa haba. Arabika ndivyo ilivyo: matunda hutoka kwenye sehemu ya tawi iliyokua msimu uliopita, kwa hiyo mti uliobeba mzigo mkubwa hupeleka chakula chake kwenye matunda, matawi mapya yanadumaa, na mwaka unaofuata mavuno yanapungua. Mkulima wa Kibosho anayajua hayo tangu akiwa mtoto. Mimi mwenye digrii nilitazama miaka miwili tu nikatoa hukumu.

Siku ile ndiyo niliyoanza kutaka kusoma uchambuzi wa data. Nami naamini kila aliyeketi hapa ana leja yake juu ya kabati. Muuguzi ana rejista ya kliniki. Mwalimu ana matokeo ya vidato vinne. Dada aliyetoka Arusha, ambaye tumeongea pale mlangoni, ana oda za wageni wa safari za miaka kumi, zikiwemo zile za 2020 zilizofutwa zote kwa mkupuo. Nilichokuja kuwaambia ni kwamba leja hiyo ndiyo iwachagulie chuo. Mimi nilikataa inichagulie, nikaacha jina zuri linichagulie, na nililipa gharama yake.

Ilikuwa hivi. Nilisikia kuna kozi ya jioni ya shahada ya uzamili, na ndani ya jina lake mlikuwa na maneno uchambuzi wa data. Chuo sikitaji. Nikaenda SACCOS nikakopa, wenzangu wawili wakanidhamini, nikalipa muhula wa kwanza. Wiki ya tatu ndipo nilipoomba orodha kamili ya masomo. Yalikuwa kumi na mawili. Nikayapitia na kalamu: uongozi wa mabadiliko, mkakati wa biashara, masoko, rasilimali watu, na kuendelea. Yaliyogusa data yalikuwa mawili, na moja kati ya hayo lilikuwa la kutengeneza ripoti kwa kubofya menyu za programu moja ya kulipia. Sisemi kozi ile ilikuwa ya uongo. Meneja anayetaka kuelewana na wachambuzi wake ingemfaa sana. Haikumfaa mtu aliyetaka kujua kwa nini grafu yake ilidanganya mkutano mzima. Nikaacha mwisho wa muhula. Mkopo niliendelea kuulipa miezi kumi na minne. Orodha ile ilikuwepo ofisini tangu siku ya kwanza, ningeiomba ningepewa. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia nililibeba mwenyewe.

Tuelewane kwanza kwa nini majina haya yanapoteza watu. Shahada zenyewe bado changa. Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina kule Marekani, ambacho ni miongoni mwa vilivyotangulia, kilianza shahada yake ya uzamili ya uchambuzi mwaka 2007, kozi ya miezi kumi. Tangu hapo jina likawa na soko, na kila idara ikapanda mche wake: idara ya biashara ina wake, ya kompyuta ina wake, ya takwimu ina wake, ya afya ya jamii ina wake. Ndiyo maana utakuta kozi mbili zenye jina moja ambazo hazifundishi hata theluthi moja ya mambo yaleyale, na utakuta kozi isiyo na neno data kwenye jina lake ikifundisha data kuanzia asubuhi hadi jioni. Ile niliyoimaliza mimi baadaye ilikuwa ya takwimu tumizi. Hakuna mtaani aliyenisifia kwa jina hilo. Ndiyo iliyonipa kazi.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza ni kwamba kozi hii ni ya idara gani, na walimu wake wamesomea nini. Ukishajua hilo, omba orodha ya masomo yenye krediti zake, kaa mezani na kalamu za rangi nne. Rangi ya kwanza ipake kila somo la takwimu na uwezekano. Ya pili, masomo ya kuandika programu na ya hifadhidata. Ya tatu, masomo ya fani yenyewe, iwe afya, fedha, kilimo au biashara. Ya nne, mradi wa mwisho au tasnifu. Mimi nina msimamo hapa na sitauficha: kwa mtu anayehama fani, kama rangi ya kwanza na ya pili hazifiki nusu ya masomo yote, achana na kozi hiyo. Wewe fani unayo tayari. Muuguzi wa miaka kumi na miwili hahitaji kulipa ada ili afundishwe jinsi kliniki inavyoendeshwa. Anahitaji kile asichokuwa nacho.

Na angalieni ile rangi ya kwanza isije ikawa jina tupu. Somo moja la mbinu za utafiti, ambalo wengi wetu tulilisoma kwenye digrii ya kwanza, halihesabiwi. Tafuteni uwezekano, usampulishaji, yaani kuchagua wachache wawakilishe wote, rigresheni, yaani kupima jinsi kitu kimoja kinavyobadilika pamoja na kingine, uchambuzi wa data za muda mrefu, na namna ya kutenganisha kisababishi na kinachofuatana nacho tu. Nitawapa mfano ili muone kwa nini ninalisisitiza hili kuliko jambo lingine lolote leo.

Chukua kituo cha afya cha kijijini na hospitali ya rufaa. Hesabu wagonjwa waliolazwa na waliofariki kila mahali. Karibu kila mara asilimia ya vifo itakuwa kubwa zaidi kwenye hospitali ya rufaa. Mchambuzi aliyefundishwa kubofya menyu atachora mihimili miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, na mkuu wake atasoma kwamba kwenye hospitali kubwa ndiko watu wanakokufa. Muuguzi aliye hapa anajua mara moja kosa liko wapi: mama aliyezidiwa na uchungu usiku anaandikiwa rufaa, anapandishwa gari, anafika akiwa hoi. Wagonjwa wazito wamechujwa wakapelekwa sehemu moja. Takwimu nzuri inakufundisha kuwagawa wagonjwa kwa uzito wa hali zao kabla ya kulinganisha, na mara nyingine ukifanya hivyo jibu linageuka kabisa, aliyeonekana wa mwisho anakuwa wa kwanza. Ni kosa lilelile la mibuni yangu. Nililinganisha mwaka uliobeba na mwaka uliopumzika kana kwamba ni miaka ya aina moja. Kozi isiyokufundisha kuliona kosa hilo itakupa mikono ya haraka ya kulifanya.

Rangi ya pili sitaizungumzia sana kwa sababu imenyooka. SQL, lugha ya kuuliza maswali kwenye hifadhidata, ilibuniwa na watu wa IBM miaka ya 1970 na hadi leo benki, kampuni za simu na hospitali zinaitumia. Kozi isiyokuwa nayo ina pengo. R na Python, lugha za kuandika programu za uchambuzi, ni za bure, unazipakua leo jioni. Kozi inayokufunga kwenye programu moja ya kulipia inakuacha mikono mitupu siku leseni ya chuo inapokwisha. Muulizeni mratibu wa kozi swali hili: nikimaliza, nitaweza kufanya kazi hii kwenye kompyuta yangu bila kumlipa mtu yeyote?

Mradi wa mwisho ndio ninaouomba muuchunguze kwa jicho kali. Mnapokwenda kuuliza, msiridhike na kuambiwa kwamba kuna mradi. Ulizeni data zake zinatoka wapi. Kama kila mwanafunzi anapewa jedwali lililosafishwa, ambalo wanafunzi wa miaka mitano iliyopita walilifanyia kazi hilohilo, mtatoka hamjawahi kukutana na data halisi, yenye jina la mtu mmoja limeandikwa kwa namna tatu, kilo zilizoandikwa kwenye safu ya shilingi, na mwezi mzima uliopotea kwa sababu karani alikuwa anauguliwa. Kazi ya mchambuzi, sehemu kubwa, ni huko. Kama chuo kinakuruhusu kuja na swali lako na data za kazini kwako, kwa idhini ya mwajiri, chuo hicho kimekupa kitu cha thamani kuliko maktaba.

Sasa, mnataka majina. Nitataja machache ninayoyajua, kila moja na mtu wake.

Dada muuguzi, wewe huhitaji hata kupanda basi. Hapahapa Moshi, Chuo Kikuu cha KCMC kimekuwa kikifundisha shahada ya uzamili ya epidemiolojia na biostatistiki tumizi, yaani kufuatilia magonjwa kwenye jamii na takwimu za afya. Watu wengi wanaotafuta uchambuzi wa data wanaipita kozi hii kwa sababu jina lake linanukia hospitali. Ipakeni rangi zenu mtaona. Mtu anayejua rejista ya kliniki inavyojazwa, anayejua kwamba namba ya mwezi wa kumi na mbili huwa ndogo kwa sababu watu wamekwenda sikukuu na si kwa sababu ugonjwa umepungua, huyo akiongezewa biostatistiki hatafutiwi kazi, anafuatwa. Tena fani hii ina data nyingi zinazosubiri: vituo vyetu vya afya vinapeleka taarifa zao za kila mwezi kwenye mfumo wa DHIS2, uliobuniwa na watu wa Chuo Kikuu cha Oslo, na anayeweza kuzisoma kwa jicho la wodini bado ni mmojammoja.

Kwa kaka wa kompyuta, Tengeru ipo njiani kwenda Arusha. Taasisi ya Nelson Mandela haina digrii ya kwanza kabisa, inafundisha uzamili na uzamivu tu tangu ilipoanza masomo mwaka 2011, na mkono wake uko upande wa uhandisi na mifumo. Kama swali lako ni jinsi ya kujenga chombo kinachokusanya na kuchakata data, kapige hodi pale. Kama swali lako ni kwa nini mauzo yanashuka, pengine si pale. Mtu wa takwimu rasmi, wa halmashauri au wizara, akiulizie Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kilichopo Dar es Salaam, ambacho kina historia tangu 1961 na ndicho kilichowalea watakwimu wengi wa serikali za ukanda huu.

Walimu wa hisabati, ninyi nawaonea wivu kwa wema. Kalkulasi na aljebra ya matriki, ambazo mimi nilizililia usiku nikiwa na miaka thelathini na sita, kwenu ni mazoezi ya asubuhi. Tazameni Kigali. Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha umahiri cha sayansi ya data, ambako unaweza kuegemea biostatistiki, demografia, ekonometriki au hesabu za bima. AIMS, taasisi ya Kiafrika ya sayansi za hisabati iliyoanzia Muizenberg, Afrika Kusini, mwaka 2003, nayo ina kituo Kigali na inajulikana kwa ufadhili unaobeba ada na malazi. Ushindani ni mkali, lakini mwalimu wa hesabu mwenye matokeo mazuri ana haki ya kujaribu.

Wapo watakaosema hawawezi kuondoka nyumbani, na ni kweli, kuna watoto na kuna wazazi. Kwa njia ya mtandao mfano ninaoupenda ni wa Georgia Tech ya Marekani, iliyoanzisha shahada ya uzamili ya uchambuzi mtandaoni mwaka 2017: krediti 36, yaani masomo 10 na mradi wa vitendo, kwa ada iliyotangazwa kuwa chini ya dola 10,000. Ninaupenda kwa sababu wanamweleza mwombaji mapema kwamba wanamtarajia ajue uwezekano, kalkulasi, aljebra ya matriki na Python. Chuo kinachokueleza ugumu wake kabla hujalipa kinakuheshimu. Ila pigeni hesabu ya bando, ya umeme, na ya mtihani unaosimamiwa kwa kamera saa ambayo jirani anapiga spika. Na kabla ya kulipa chuo chochote cha nje, wasilianeni na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, maana wao ndio wanaotambua tuzo za nje, na mwajiri wa serikali atakuuliza utambuzi huo.

Kuhusu GPA, najua kuna watu hapa wanakaa kimya kwa sababu hiyo. Vyuo vyetu vingi huanzia 2.7 kwenye kipimo cha 5. Kama uko chini kidogo, uliza kuhusu stashahada ya uzamili kama daraja, na uliza kama uzoefu wa kazi unahesabiwa. Uliza kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi.

Jambo la muda limevunja watu wengi kuliko ada. Kwa mfumo wa TCU shahada ya uzamili ni angalau krediti 180, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza, ukihesabu darasani, nyumbani na kwenye tasnifu. Hizo ni saa 1,800. Ukipata saa 15 kwa wiki, ambazo kwa mtu mwenye kazi na familia ni nyingi, unahitaji wiki 120, yaani zaidi ya miaka miwili. Ukiambiwa kozi ni ya miezi kumi na minane na wewe unafanya kazi siku nzima, fanya hesabu hiyo pamoja na mwenzi wako, siyo peke yako. Mume wangu na mimi tuliifanya nyuma ya kalenda ya ukutani. Tukapaka wiki za mavuno, wiki za Krismasi ambapo ukoo wote unapanda mlimani, wiki za mitihani ya watoto. Zilizobaki ndizo zilizokuwa zangu. Bila kalenda ile ningeanguka muhula wa pili.

Kuhusu fedha nitasema machache. Usiache kazi kwanza. Mtumishi wa umma, shughulikia ruhusa ya masomo mapema na uipate mkononi. SACCOS ni yetu na imenisaidia, lakini kopa muhula mmoja mmoja, usikope shahada nzima kabla hujajua kama unaipenda. Na kihamba, lile shamba la ukoo, msikiguse. Nimekaa na kijana aliyeshawishi familia yao iuze kipande cha kihamba ili akasome nje kozi ambayo hakuwahi kuona hata orodha ya masomo yake. Sikupata la kumwambia.

Kabla ya yote hayo, kabla ya fomu, nawaomba wiki kumi na mbili. Jioni mbili kwa wiki na Jumamosi asubuhi. Chukua swali la leja yako, lijaribu kwa data za wazi. Za sensa ya Agosti 2022 zipo. Ndiyo iliyotuhesabu Watanzania 61,741,120, na mkoa wetu wa Kilimanjaro 1,861,934. Ilikuwa sensa yetu ya kwanza kufanywa kwa vishikwambi, na mwalimu, kishikwambi ulichonacho kwenye mkoba huenda ndicho kilichobisha hodi kwangu. Kuna utafiti unaofuatilia kaya nchini kwetu tangu 2008/09, data zake unazipata kwa kujisajili tu. Mimi nilitumia data za mvua za CHIRPS, makadirio yanayotumia setilaiti, ambazo ni za bure na zinaanzia 1981. Nilitaka kujua kama mvua za vuli zinaeleza kilo za msimu unaofuata. Nikakuta vijiji vya juu na vya chini vinasoma mvua ileile, nikashangaa. Kumbe kila mraba wa data zile una upana wa kilomita kama tano, na kwenye mteremko wetu kilomita tano zinakutoa kwenye mahindi yaliyokauka hadi kwenye migomba iliyolowa. Maelezo ya data zile yaliandika ukubwa wa mraba. Maana yake kwa Kilimanjaro niliijua kwa sababu nimeupanda mteremko huo kwa miguu.

Tahadhari moja: msichukue rejista za wagonjwa au taarifa za wateja mkaenda kujifunzia nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu tarehe 1 Mei 2023, na hata isingekuwepo, yule mama mwenye jina lake kwenye rejista hakukupa jina lile kwa ajili ya mazoezi yako.

Wiki hizo kumi na mbili zikiisha, utajua kama unaipenda kazi yenyewe, ya kukaa saa nne ukitafuta kwa nini jumla mbili hazilingani. Pengine utagundua huhitaji shahada ya uzamili. Nalisema waziwazi. Kama mwajiri wako ana data, anakuamini, na unachokosa ni Excel ya ndani na SQL, kozi fupi na miezi sita ya mazoezi vitakutosha, na ada ile somesha mtoto. Shahada inamfaa yule ambaye matangazo ya kazi anazozitaka yanamkata kwa karatasi, na yule ambaye, kama mimi, msingi wa hesabu ulimpita na anajua hawezi kuujenga peke yake jioni kwa jioni.

Kijana mmoja ameniandikia kwenye karatasi: akili mnemba si itafanya yote haya? Nimeijaribu. Niliipa kilo zile za miaka miwili, ile ile miwili, nikaiomba ieleze kushuka. Ikanipa maelezo mazuri, yaliyopangika, kuhusu bei na wanachama kuuza pembeni. Ilirudia hotuba yangu ya mkutano mkuu karibu neno kwa neno. Haikuomba leja za miaka sita, kwa sababu haikujua ziko juu ya kabati. Itumieni, inasaidia kuandika programu haraka. Lakini mtu wa kuuliza swali la yule mzee atakuwa ni nyinyi, na mtalipima jibu kwa takwimu mliyofundishwa vizuri, na hiyo ndiyo sababu ninahangaika nanyi na orodha za masomo Jumamosi nzima.

Nimekuja na kalamu za rangi, zipo kwenye ile meza karibu na dirisha, na nimechapa orodha za masomo za kozi tano, majina ya vyuo nimeyafunika kwa karatasi. Kaeni watatu watatu, wa fani moja. Pakeni rangi kwanza, hesabuni, halafu ndipo tufunue majina. Yule mama wa benki aliyesema ameshajaza fomu na kesho anakwenda kulipa, naomba aanze na mimi.